Napinga Maganga Kuzikwa

Jumatano. Tangu alfajiri Kibaha ni manyunyu, yale ya kuudhi, hayashibishi shamba lakini yanalowesha shati. Udongo wa makaburini uko bado kwenye kucha zangu. Nimenawa mara tatu, mara ya mwisho kwa sabuni ya kufulia na brashi ya viatu. Haujatoka. Nimeuacha.

Mnaonifuata humu mnanijua. Mimi ndiye Anko Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye bajaji ya kijani pale Maili Moja, mtu aliyemkimbiza chatu wa milima ya Pugu kwa kandambili moja. Blogu hii alinifungulia mpwa wangu Mwanahawa ili, kwa maneno yake mwenyewe, "Mjomba ukawachoshe na watu wa mtandaoni, sisi umeshatumaliza." Nimewachosha kweli. Leo sina kisa cha chatu. Na yule chatu, tuambiane ukweli, nilimkuta ameshakufa.

Leo tumemzika Maganga.

Kuna neno la Kiingereza limenikaa kichwani tangu Jumapili na haliniachii: oppose. Ndilo neno la Kizungu ninalolijua kuliko yote, na mimi na Maganga tulijuana kwa sababu yake. Sekondari tuliyosoma hapa Kibaha ilikuwa na mdahalo kila Ijumaa baada ya ugali wa mchana. Kiingereza kitupu. Aliyeteleza akatoa neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni, anakivaa mpaka apatikane mwingine wa kuteleza. Mada zilikuwa zilezile kila muhula: maji ni bora kuliko moto, mwalimu ni bora kuliko daktari, kijijini ni bora kuliko mjini. Upande mmoja unaunga mkono, upande wa pili unapinga.

Mimi sikuwa na Kiingereza cha kuunga mkono. Kuunga mkono kunataka sababu. Nikagundua kwamba mpingaji anaweza kusimama, akanyoosha kola, akasema "I strongly oppose the motion", akakaa, na watu wakapiga makofi. Basi nikapinga miaka miwili mfululizo. Siku moja nilipinga kwa ukali mpaka mwalimu wa nidhamu akaomba maji ya kunywa na wasichana wanne wakazimia. Haya, hawakuwa wanne. Alikuwa mmoja, na siku hiyo alikuwa hajala.

Maganga aliletwa na kaka yake kutoka Tabora tukiwa kidato cha kwanza, katikati ya muhula. Mnyamwezi mrefu, suruali imeishia juu ya vifundo, lakini Kiingereza anacho mpaka kinamwagika. Ijumaa ya kwanza kunisikia akanyoosha mkono kwa mwenyekiti. Akauliza, kwa adabu kabisa, kwamba msemaji aliyekaa sasa hivi anapinga kwa namna gani? Ni object, ni resist, au ni protest?

Darasa zima likanigeukia. Nikasimama, nikanyoosha kola, nikasema napinga na swali.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Kesho yake akaja kitandani kwangu bwenini na kaunta buku lake. "Mzaramo, wewe ni mtumwa wangu tangu enzi za mababu, na mimi sitaki mtumwa mjinga. Kaa nikufundishe."

Kwa asiyejua mambo yetu: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Babu zao walikuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani, babu zetu wakawapokea, wakagombana nao, wakapatana, na tangu hapo tuna ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana mpaka kitoweo sahanini. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeaibika. Na mmoja akifa, mtani wake haendi msibani kulia. Anakwenda kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, analizuia jeneza, anasema huyu hazikwi mpaka nipewe jogoo. Kazi yake ni kukipinga kifo mbele za watu mpaka waliofiwa wacheke.

Katika kazi hiyo, kutoka Kwala mpaka Kisarawe, hakuna anayenifikia. Kule Kwala kuna maziko nilizuia jeneza mpaka wenye msiba wakachinja mbuzi wa pili na padri akasahau sala alipokuwa amefikia. Hilo la padri si chumvi, alisahau.

Sasa hayo maneno ya Maganga. Object, alisema, ni kupinga ukiwa umekaa kitini: unanyoosha mkono, unasema jambo hili sikubaliani nalo, unaendelea kunywa chai. Resist unapinga kwa mwili, kama ndama anayekokotwa kuingizwa kwenye josho: hasemi neno, lakini kwato zinachimba. Lipo defy, la kumpinga mkubwa wako huku unamtazama machoni, na fimbo zake unazijua. Yalikuwepo mengine, contest, challenge, nimeyasahau tofauti zake. Moja tu alinirudia nalo sana kwa sababu nilikuwa nalichanganya kila siku, hilo protest. "Hili unapiga kelele juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa," aliniambia. "Unajua hubadilishi kitu. Unapiga kelele isije ikasemwa kwamba ulikubali."

Nikamwuliza Wazungu wanataka maneno yote hayo ya nini, wakati sisi tunasema kupinga na kazi inakwisha. Akasema Mzaramo mvivu hata wa kugombana. Nikaona ananidharaulia Kiswahili changu, nikamwaga: kukataa, kubisha, kugoma, kukaidi, kushupaa, kutia ngumu. Akayaandika yote. Akasema kumbe una akili, unazificha wapi?

Mtihani wa kidato cha pili ukanitoa. Nasemaga shule iliniogopa, lakini wenye kusoma wananielewa. Maganga akaendelea mpaka cha nne, halafu maisha yakamrudisha tukawa sawa: mimi kwenye usukani, yeye mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni, Kiingereza chake chote kimebaki cha kuwaambia madereva wa malori wasaini hapa. Tukaendelea kupingana. Nikinunua bajaji, anapinga rangi. Alipomwoa Mama Shija nilijilaza mlangoni kwa bibi harusi nikapinga ndoa mpaka wakanipa sinia zima la pilau. Simu zetu zilianza na matusi zikaishia na matusi, na mke wangu akisikia namna ninavyoita "mpagazi we" anajua leo nimeamka vizuri.

Alishanionya, zaidi ya mara moja: "Ole wako ulie kwenye maziko yangu. Mzaramo akinililia nafufuka namchapa."

Nikamjibu nitachekesha mpaka afufuke acheke na yeye.

Jumapili nilikuwa Kisarawe. Nilikwenda kuangalia mihogo yangu, na asubuhi kabla ya kupanda shambani nikakaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stendi. Mnajua mimi na kijiwe. Watu kama kumi, wengine wananijua, wengine nataka wanijue. Nimefika pale patamu pa kisa changu cha nguruwe pori, simu ikaita. Kwenye kioo imeandikwa Mpagazi.

Nikawaambia subirini, subirini, sasa mtasikia utani. Nikaiweka simu spika, nikaiegesha kwenye birika la kahawa.

"Mtumwa wangu," akasema Maganga. "Uko wapi?"

"Kisarawe, natafuna korosho. Kwani michembe yenu ya viazi imekuishia?"

Benchi likacheka. Yeye akasubiri kicheko kiishe. Akasema njoo unichukue. Kifua kinanibana, na Mama Shija yuko kanisani, ana kwaya, simu kazima.

Nikasimama. Nikanyoosha kola, yaani nilinyoosha kola kabisa, peke yangu mbele ya birika. "Napinga!" nikasema. "Mnyamwezi hafi kwa kifua! Nyie mmebeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, leo kifua kinakubana na nini, na shuka?"

Mzee mmoja alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Maganga akasema, "Haya, Kondo." Simu ikakatika.

Aliniita Kondo. Maisha yote hayo mimi nilikuwa mtumwa, Mzaramo, mla mihogo, cheza-ngoma. Jina nililopewa na baba yangu nadhani alikuwa analitumia mbele ya mwalimu tu. Mimi nilisikia. Nakumbuka nilisikia. Nikaagiza kahawa nyingine, nikarudi kwa nguruwe wangu.

Kutoka Kisarawe nisingemwahi. Hilo nimelipigia hesabu ya njia mara nyingi tangu juzi, napita kila kona, na kila mara nafika nimechelewa. Najifariji nalo kama dakika tano hivi. Halafu nakumbuka kwamba Zegereni kuna madereva watatu wa bajaji ninaowajua kwa majina, na wawili kati yao mimi ndiye niliyewafundisha kushika klachi. Simu moja tu. Mpelekeni Maganga zahanati, nakuja. Mwaka jana kifua hichohicho kilimbana, nikampeleka mwenyewe, nikamtukana njia nzima, akarudi mzima anatafuna muwa. Ndiyo sababu alinipigia mimi. Hakuwa anabahatisha.

Mama Shija alirudi kutoka kanisani mchana akamkuta amekaa kwenye kizingiti, mgongo kauegemeza kwenye fremu ya mlango. Amevaa viatu. Alikuwa amejiandaa kuchukuliwa.

Nilifika Zegereni Jumatatu asubuhi. Mama Shija alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, aliponiona akaninyooshea mikono yote miwili. Akaniuliza jambo moja tu. "Shemeji, nimeona kwenye simu yake, wewe ndiye wa mwisho kuongea naye. Alikwambia nini?"

Wanawake wote wakanigeukia wanisikilize.

Nilikuwa nimekuja kumwambia. Njia nzima kutoka Maili Moja nilikuwa nayapanga maneno, nimeyapanga mpaka nikapitiliza kituo cha mafuta nilichotaka kusimama. Kumbe mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia mume wake alinipigia kunisalimu. Kwamba alikuwa amekaa mlangoni anapunga upepo, anamsubiri yeye atoke kanisani. Kwamba alisema kutoka Tabora mpaka pwani ameona wanawake wengi, lakini hajaona mwingine wa kumfikia Mama Shija.

"Alisema hivyo?"

"Wallahi tena."

Niliapa. Mtu na akili zangu, mtoto wa madrasa, nikaapa juu ya mkeka wa msiba.

Akalia, lakini kilio kikawa kingine, cha chini. Akafuta uso kwa ncha ya khanga, akasema basi alikuwa ametulia, basi hakuteseka. Akanishukuru. Alinishukuru, jamani.

Tukasubiri Shija, mtoto wao, afike na ndugu kutoka Tabora, na kwa siku hizo mbili maneno yangu yalitembea. Jikoni nikayasikia. Kwenye turubai la wanaume nikayasikia. Leo katekista ameyasema juu ya jeneza, ameshayaongezea na baraka kwa wajukuu watakaozaliwa. Kwa kutia chumvi amenipita mimi, maskini, bila kujua.

Asubuhi nilivaa koti la Maganga la ulinzi. Limenibana mabegani na mikono inanifika kwenye vidole. Nikavaa kofia yake, nikashika rungu lake, nikatoka nyumbani kwake nikitupa miguu nje nje kama alivyokuwa anatembea. Wanawake walipoona mwendo ule wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Hapo nikajua kazi imeanza vizuri. Njia nzima ya makaburini nilikuwa nasimamisha watu, nawaambia hakuna kuingia kiwandani bila kusaini. Shija mwenyewe nilimsachi mifuko. Akacheka, macho yamevimba.

Tulipofika, jeneza halijashushwa, nikaruka kaburini.

"Napinga!" Nikajilaza chali. "Mimi napinga! Huyu ni mtumwa wangu, hajaniaga, haendi popote! Leteni jogoo!"

Wakacheka. Katekista, mtu mpole, akainama akaniambia, "Mtani, tupishe kidogo, tuna sala." Watu wa Tabora wakaitana: mpeni mtani haki yake atoke. Jogoo akaja, mweupe, kafungwa miguu. Desturi ni kwamba ukishapewa unapanda juu, unawatukana kidogo, unawapisha wazike.

Nikampokea. Nikamfungua kamba, sijui kwa nini, mikono ilifungua tu. Akaruka akaenda zake katikati ya wanawake, na hapo kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote.

Mimi sikutoka.

Chini kule pana ubaridi. Manyunyu yanakuangukia usoni moja kwa moja na huwezi kujua umelowa na nini. Nilitaka kutoka, nawaambia ukweli, nilijiambia Kondo inuka sasa. Mwili ukakataa. Nikachimbia visigino. Nikasema tena napinga, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya mdahalo, wala sijui ilikuwa ya nani. Nikasema napinga, napinga, hapana, bado, napinga. Na nikiwa mle ndani nikalijua ninalolifanya, lile neno nililokuwa nalichanganya kila siku, akanirudia nalo Maganga mpaka akachoka. Jambo limekwisha kuamuliwa na mimi napiga kelele.

Wanaume wanne walinivuta kwa mikono. Kofia ya Maganga ikabaki kaburini, mtu akashuka kuitoa.

Watu walipiga makofi. Bibi mmoja wa kwao, amekaa pembeni na mkongojo, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu ndiye mtani! Anajua kazi. Umeona, mpaka machozi anayatoa!"

Na wakati wengine wanatupia udongo, bwana mmoja mwenye koti la mvua akanisogelea, akanishika bega. "Anko, naomba namba yako. Sisi Wasukuma ni watani zako vilevile. Baba yangu naye hali yake si nzuri."

Nikampa namba. Ningefanya nini? Nikampa.

Tuliporudi nyumbani, watu wamenawa, wameanza kula, nikamfuata Mama Shija pale kwenye mkeka. Nilikuwa bado nimevaa koti. Hilo ndilo kosa langu, sikufikiria kulivua. Nikachuchumaa mbele yake, tope limenijaa mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," nikamwambia, "yale niliyokwambia Jumatatu hayakuwa kweli. Hakusema vile. Aliniomba nije nimchukue, kifua kinambana. Mimi nikamkatalia. Nilimkatalia huku nacheka."

Yule bibi wa mkongojo akapiga paja lake. "Mtani huyu hachoki! Hata wali hajala, ameanza tena!"

Mkeka mzima ukacheka. Nikasema hapana, jamani, sitanii. Wakacheka zaidi, maana mtani akisema hatanii ndiyo utani wenyewe.

Na Mama Shija akacheka. Tangu Jumapili alikuwa hajacheka, hata kaburini alikuwa ameinamisha kichwa. Alicheka mpaka bega likatikisika, akanipiga kofi dogo la mkono, akasema, "Toka hapa, mtumwa we. Tunajua nyie Wazaramo ndio mliomuua mume wangu. Tumeshawasamehe."

Nikabaki nimechuchumaa.

Ningeweza kusisitiza. Ningeweza kulivua lile koti, nikamshika mikono, nikamwambia nitazame. Lakini alikuwa anacheka, na mtoto wake alikuwa anamtazama anavyocheka kama mtu anayeota moto. Ningemnyang'anya? Au niseme ukweli wote: niliogopa, na kicheko chao kilinipa pa kujificha, nikajificha. Nikainuka, nikasema jambo la kijinga kuhusu wali, wakacheka tena. Nikapanda bajaji nikaja nyumbani.

Nimesamehewa mbele ya watu wote kwa jambo ambalo hakuna aliyesikia nimelitenda. Sijui msamaha wa namna hiyo una kazi gani. Nimeuleta nyumbani, umekaa tu.

Jumamosi wanaanua matanga. Ndugu wa Tabora wataondoka, turubai litashushwa, na utani wa msiba utakuwa umekwisha. Nitakwenda Jumapili, Mama Shija akishatoka kanisani. Nitavaa kanzu. Sitaiingiza bajaji mpaka mlangoni kwa honi kama kawaida yangu, nitaiacha barabarani, nitapiga hodi kama mgeni, nitasubiri nikaribishwe. Nitakaa nilipoonyeshwa. Nitamwambia moja baada ya jingine: kijiwe, spika, birika, nilivyosimama, neno nililosema. Akinifukuza, nitaondoka. Akitaka kuniita muuaji siku hiyo, aniite akiwa hacheki.

Ninachoogopa si kufukuzwa. Naogopa atacheka tena. Miaka hamsini na kitu nimejitengenezea sauti moja, ya kuchekesha watu, na sasa naitafuta nyingine siipati. Leo nimejaribu mbele ya kioo. Nikasema, "Shemeji, nilimkatalia." Hata mimi nilijiona kama naigiza.

Maganga alikuwa anajua. Mama yangu alipofariki kule Kisarawe, alikuja na khanga mbili za mama amejitanda kichwani kama ilivyo desturi, tayari kuvuruga, watu wameshaanza kucheka. Akafika mlangoni akanitazama usoni. Hakuniuliza kitu. Akazivua zile khanga, akazikunja vizuri, akaja akakaa karibu yangu kutwa nzima bila kusema neno.

Na kuna jambo hapo juu sikuliandika. Jumapili, pale kwenye kijiwe, sauti yake ilipokuwa inapungua, benchi wakasema hatumsikii. Nikaongeza sauti ya simu ili wamsikie vizuri.